Nguzo ya Nyuma ya Kitanda

Huko juu Masereka, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, wanawake wana kazi moja ambayo wanaume hawaigusi. Wanaiita kusikiliza nyumba. Kila mwaka, siku za jua zinapokaribia kwisha na mvua ya mwezi wa tatu haijafika, mwenye nyumba huchukua mpini wa jembe, akazunguka ndani polepole na kugonga kila nguzo ya ukuta, chini, usawa wa goti. Nguzo nzima hujibu ko, sauti kavu, kama mtu anayeitika jina lake. Nguzo iliyoliwa na wadudu au iliyooza mguuni hujibu pu, kama gunia la viazi. Ikijibu hivyo, udongo unafunguliwa palepale, nguzo inatolewa, mpya inasimamishwa, kisha ukuta unapakwa tena kwa mikono: udongo, majivu, mavi ya ng'ombe, na mwisho udongo mweupe unaochimbwa mtoni. Ndivyo nyumba za mtaa wa kanisa zilivyosimama tangu siku za waumini wa kwanza, zikigongwa na kusikilizwa mwaka baada ya mwaka.

Nyumba ya Mukaka Débora ilikuwa ya pili toka kanisani, ukipanda. Mukaka ni bibi, na kilima kizima kilimwita hivyo, wajukuu wake na wasio wajukuu wake. Mume wake, marehemu Ésaïe, mwinjilisti wa kwanza wa pale, aliijenga mwaka waliooana, naye Mukaka akaisikiliza kwa miaka zaidi ya hamsini. Halafu masikio yake yakaanza kufunga. Kwanza aliacha kusikia panya, akashukuru. Kisha akaacha kusikia mvua inapoanza. Mwishowe, siku moja aligonga nguzo tatu mfululizo, akabaki ameshika mpini, akamwita mjukuu wake aliyekuwa anamenya viazi.

“Bénite. Hii inasema nini?”

“Inasema ko, Mukaka.”

“Sema kwa nguvu!”

“Ko!”

“Na hii?”

“Ko!”

“Basi toka leo weye ndiye masikio yangu. Mais usiambie mutu.”

Bénite alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Alilelewa na Mukaka tangu baba yake alipokufa, mwaka uleule alioacha shule katika darasa la nne. Alikuwa msichana wa haya. Kanisani alikaa nyuma karibu na mlango, na mtu akimuuliza jina lake alikuwa kama anakwenda kulitafuta kwanza kwenye vidole vya miguu yake. Lakini nguzo alizijua. Katika dunia nzima, lile lilikuwa jambo moja ambalo mtu mzima alimuuliza yeye na kungoja jibu lake.

Ikawa siri yao. Mukaka aligonga, Bénite akasimama ubavuni kama mtu wa kubeba ndoo tu, mkono wake umeshika kiwiko cha bibi yake. Nguzo ikijibu vizuri, alibonyeza mara moja. Ikijibu vibaya, mara mbili. Kisha Mukaka alitangaza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia: “Hii nzima!” Au: “Hii, fungueni!” Na majirani wakasema, yule mama masikio yamekufa kwa watu, lakini kwa nyumba yake bado yanaishi.

Walificha kwa sababu ya Malachie. Malachie alikuwa mtoto wa kwanza wa Mukaka, mfanyabiashara wa mbao huko Beni, na Bénite alimwita Baba Mukubwa. Kwa miaka mitatu alikuwa anataka mama yake ashuke Butembo, akakae mtaa wa Mususa kwa Josée, dada yake Malachie, kwenye nyumba ya matofali yenye taa. Mukaka alikataa kila mara, na kila mara Malachie alitafuta sababu nyingine.

“Akijua sisikie tena nyumba,” Mukaka alimwambia Bénite, “atanishika miguu na kunibeba kichwa chini, kama kuku wa soko.”

Miaka sita ikapita hivyo, na siri haikutoka.

Kisha ukaja mwaka wa yubile ya kanisa. Wageni wangetoka Butembo, Beni, hata mbali zaidi, wachungaji na wanakwaya na watu wa kupiga picha. Wazee walikaa wakaamua kwamba nyumba za mtaa wa kanisa, kwa kuwa ndizo za zamani kuliko zote, zitengenezwe kabla ya siku hiyo.

“Nyumba hizi ni historia yetu,” shemasi Kitsa alitangaza Jumapili. “Mais historia nayo inaoga!”

Watu walicheka. Malachie aliposikia habari hiyo huko Beni, hakucheka, alitenda. Alituma gari na mifuko ya simenti, waya wa kushikisha simenti ukutani, ndoo za rangi nyeupe, na fundi mwashi kutoka Mususa, jina lake Sadrack, kijana mnene mwenye maneno mengi. Halafu akapiga simu. Bénite alishika simu mbele ya uso wa bibi yake, sauti ikiwa wazi, naye akawa anarudia maneno kwa kelele sikioni.

“Anasema kuta zote zipakwe simenti, inje na ndani!”

“Sawa.”

“Anasema moto utoke mu nyumba! Jikoni ya mbao itajengwa kule nyuma!”

“Hapana!” Mukaka alisema. “Moshi ndio dawa ya nguzo. Mwambie. Wadudu wanaogopa moshi. Moto ukitoka, wao wanaingia.”

“Mama,” Malachie alisema katika simu, “bachungaji watakuja kukohoa mu nyumba ya mwinjilisti? Baba angeona haya.”

Alijua mahali pa kugusa. Mukaka alitazama mafiga matatu katikati ya nyumba, meusi ya miaka hamsini.

“Basi moto utatoka,” alisema. “Mais simenti haigusi ukuta mbele sijasikiliza nyumba. Hilo sitoi.”

Siku ya kusikiliza ikawa ndiyo siku ya kupaka, kwa kuwa gari lilichelewa njiani na Sadrack alipaswa kurudi nalo Mususa kesho kutwa. Asubuhi hiyo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani. Sadrack alikuwa uani, sepetu mkononi, anakoroga simenti na mchanga, anaimba pamoja na kwaya maneno yake mwenyewe. Shemasi Kitsa alisimama mlangoni na simu, na ndani ya simu alikuwamo Malachie, anauliza kila dakika wamefika wapi.

Mukaka alianza mlangoni, kama desturi. Ko. Kiwiko, mara moja. “Hii nzima!” Ko. “Hii nzima!” Walizunguka sebule, wakazunguka mahali pa moto, wakaingia chumbani. Nguzo ishirini na tano zilijibu vizuri. Ilibaki moja, nguzo ya pembe, nyuma ya kitanda cha Mukaka, upande ambao maji ya bati huruka ukutani. Bénite alisogeza kitanda kidogo. Mukaka aliinama, akagonga.

Pu.

Bénite aligeuza macho mlangoni.

“Simenti imeiva!” Sadrack aliita toka uani. “Mukaka, simenti ni bibi arusi! Ukishamuvalisha, hapana kumwambia angoja!”

“Wamemaliza?” sauti ya Malachie iliuliza katika simu.

“Ni ya mwisho,” shemasi, aliyekuwa amewafuata mpaka mlango wa chumba, alijibu, akamtazama Bénite. Alimtazama tu, kama mtu anavyotazama saa. Lakini kwa Bénite ilikuwa kama kanisa zima limegeuza vichwa.

Kufungua pembe ile kulitaka siku mbili. Nguzo ya pembe ndiyo inayobeba boriti ya paa, lazima waitwe wanaume wa kuishikilia. Simenti iliyokorogwa ingekuwa jiwe uani. Fundi angeondoka na gari, nyumba ya mwinjilisti ingebaki nusu, wageni wangepiga picha nyumba zote isipokuwa ile. Na watu wangeuliza ni nani amesimamisha kazi.

Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini lilikuwapo jambo lingine, ambalo baadaye Bénite alilizungukia hata katika sala zake bila kulitaja. Aliutaka ukuta mweupe. Alikuwa ameona kuta za shangazi yake, Tantine Josée, huko Mususa, laini kama sahani, na alikuwa amechoka kuwa msichana wa nyumba ya udongo.

Kidole chake kikabonyeza mara moja.

Mukaka hakutangaza. Aliutazama mpini mkononi mwake, kisha akageuza uso, akamtazama Bénite kama mtu anayengoja neno la pili. Bénite akatazama vidole vya miguu yake.

“Hii nzima,” Mukaka alisema.

“Imekwisha!” shemasi akamwambia Malachie, na Sadrack akaingia na ndoo ya kwanza.

Nyumba ilipendeza, hakuna wa kukataa. Ilikuwa nyeupe kiasi kwamba ukungu ulipopanda asubuhi hukujua ukuta unaishia wapi. Siku ya yubile wageni walipanga mstari kupiga picha mbele yake. Mchungaji mmoja wa Beni alimsifu Mukaka madhabahuni, akisema mwanamke huyu amehifadhi nyumba ya mtumishi wa Mungu kwa masikio yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Mukaka hakusikia, ikabidi Bénite amwambie kwa kelele ni makofi ya nini, na Mukaka akamfinya mkono chini ya kikwembe chake cha kitenge, akacheka kama msichana mwenye siri.

“Ni makofi yetu mbili,” alisema.

Bénite alitoka nje akasema anakwenda kutazama viazi jikoni. Hakukuwa na viazi motoni.

Kuanzia hapo hakulala vizuri tena. Moto ulikuwa sasa katika jiko la nyuma, na nyumba ilikuwa baridi, ina harufu ya jiwe. Wiki ya tatu, alipofagia chini ya kitanda cha Mukaka, alikuta unga mwembamba umemwagika pembeni, rangi ya njugu, kama mtu amesaga kitu pale usiku. Aliujua unga ule. Ndio mabaki ya wadudu wanapokula mti. Aliufagia haraka, akaumwaga shimoni. Kesho yake ulikuwapo tena. Akawa anafagia mara mbili kwa siku, na Mukaka akamsifu kwa wageni kwamba msichana huyu usafi umemwingia tangu nyumba iwe nyeupe.

Alijaribu kuhamisha kitanda.

“Tukiweke upande wa dirisha, Mukaka! Kuna joto!”

“Kitanda kile aliweka Ésaïe,” Mukaka alisema. “Joto aliondoka nalo.”

Alijaribu pia kusema ukweli. Ilikuwa jioni moja, wamekaa mlangoni wanachambua maharagwe, na mama wawili wa jirani wamekaa nao.

“Mukaka, niko na neno la kukuambia.”

“Nini?”

“Niko na neno.”

“Sema kwa nguvu, mutoto! Unaongea kama panya!”

Majirani walicheka, wakamtazama, wakangoja. Hapo Bénite akaona shida yake yote ilivyo. Kosa la kunong'ona pengine angeliweza. Lakini kwa Mukaka hakuna kunong'ona. Lile kosa lingetoka kwa kelele, lingesikika mpaka kanisani.

“Nasema maharagwe yamekwisha!” akapiga kelele.

“Kwani sina macho?” Mukaka alisema, na majirani wakacheka tena.

Mvua ilianza. Maji yaliruka toka kwenye bati yakapiga mguu wa ukuta, yakaingia mahali, na simenti haikuyaachia yatoke. Ukuta wa udongo ungeyanywa na kuyatema jua linapotokea. Huu uliyafunga ndani kama chupa. Ufa ulitokea chini, kwenye pembe, mwembamba kama uzi. Bénite aliuziba kwa udongo mweupe. Uliporudi, ulikuwa mnene kama kidole, akauziba tena. Mikono yake ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Mikono ileile aliyofundishwa na Mukaka.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mchana, mvua imetoka kupungua. Bénite alikuwa shambani anang'oa vitunguu. Mukaka alikuwa na mafua, alikuwa amelala kitandani. Bénite alisikia sauti toka upande wa kanisa, nzito, moja tu.

Pu.

Alikimbia vitunguu vikiwa mkononi. Ukuta wa pembe ulikuwa umeanguka ndani. Bamba la simenti lilikuwa limelala juu ya kitanda, zima, jeupe kama mlango uliong'olewa, na nyuma yake udongo wenye maji ulikuwa umejimwaga chumbani. Boriti ilining'inia. Mukaka alikuwa chini ya bamba mpaka kiunoni, macho wazi, kilemba kimetoka, hakupiga kelele.

“Ni wewe?” alisema. “Vaa viatu. Kuna misumari.”

Wanaume sita walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti na kamba, mpaka barabarani. Gari la kubeba kabichi likamshusha Butembo. Hospitalini walisema mguu umevunjika mahali pawili, wakaufunga, na baada ya wiki tatu wakamruhusu aende nyumbani kwa Tantine Josée huko Mususa. Bénite alikuwa naye muda wote. Alimwosha, alimlisha, alilala chini kando ya godoro lake. Watu wa Mususa wakasema Josée ana bahati ya mtoto wa ndugu mwenye moyo kama huyu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba chini ya kucha.

Siku moja asubuhi, Tantine Josée akiwa sokoni, Mukaka alimwita karibu.

“Bénite, nataka unisaidie kitu. Siku ile ya simenti. Nguzo ya nyuma ya kitanda.”

Bénite akaanza kukunja shuka.

“Uligusa mara mbili?”

Bénite akalikunja tena, dogo zaidi.

“Mi nadhani uligusa mara mbili,” Mukaka alisema, anatazama ukuta laini wa Josée. “Uligusa mbili, mi nikahesabu moja. Haiwezi kuwa ingine. Wewe hauwezi kukosa nguzo kama ile. Donc kichwa changu kimeanza kuenda. Masikio kwanza, sasa kichwa. Niambie tu, sitakasirika.”

Alikuwa amempa mlango, tena amemfungulia. Bénite alitaka kusema mara moja, Mukaka, niligusa mara moja. Alisema:

“Sikumbuke.”

Mukaka alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la daktari.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alianza kuuliza kama amekula, hata sahani ikiwa mbele yake. Aliuliza leo ni siku gani, akaambiwa, akauliza tena, kwa sababu hakuamini kwamba ameshika vizuri. Chumvi ya mboga, ambayo maisha yake yote aliipima kwa kiganja, sasa alimpa Josée aipime. Mwanamke aliyejua nguzo ishirini na sita kwa majina akaanza kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Bénite aliona hayo yote. Mguu ungepona, daktari alikwisha kusema. Lakini hili lingine alilivunja yeye, na kila siku aliyonyamaza alilivunja tena.

Malachie alikuja toka Beni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Baada ya ibada walikaa sebuleni kwa Josée: Malachie kwenye kiti kikubwa, Josée kwenye mkeka akiwa amenyoosha miguu, Mukaka kwenye kochi, mguu wake juu ya mto. Bénite alikuwa mlangoni na termosi ya chai.

“Mama,” Malachie alianza kwa sauti ya kanisani, “hatukulaumu. Uzee ni uzee. Mais wewe mwenyewe ulisema ile nguzo ni nzima. Shemasi alikusikia, fundi alikusikia, mi nilikusikia mu simu. Ungelikuwa maiti leo.”

“Ni kweli,” Mukaka alisema. “Nilisema.”

“Donc utabaki hapa kwa Josée. Ile nyumba tutaivunja, yote. Kanisa linataka pahali pa kujenga bureau, ofisi yao. Nilishaongea nao.”

“Umeongea nao mbele ya kuongea na mama?” Josée aliuliza.

“Josée, acha. Mama, umesikia?”

Alirudia kwa kelele. Mukaka alisikia. Bénite alingoja akatae, kama alivyokataa miaka yote. Alingoja aseme kuku wa soko. Lakini Mukaka aliinua pembe ya kikwembe chake, mahali alipofunga ufunguo wa nyumba, akaanza kufungua fundo kwa vidole vyake vyenye mishipa.

“Mutu ambaye hawezi kuhesabu mpaka mbili hapana kushika nyumba,” alisema. Akaweka ufunguo juu ya meza.

Termosi ilikuwa nzito mkononi mwa Bénite. Aliiweka chini. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti ilitoka yote, ilitoka mpaka redio ya jirani ikapunguzwa.

“Mara moja!”

Wote waligeuka.

“Niligusa mara moja, Mukaka! Ulihesabu vizuri! Nguzo ilisema pu, nikaisikia, nikagusa mara moja!”

“Anasema nini ule mutoto?” Malachie aliuliza. “Kugusa nini?”

Bénite alieleza. Alieleza yote, na kwa kuwa alitaka Mukaka asikie, alieleza kwa kelele: kiwiko, miaka sita, simenti iliyoiva, unga wa wadudu aliokuwa anafagia, ufa aliouziba mara mbili, na siku aliyoulizwa akasema hakumbuki. Majirani walikuwa wamekuja mpaka kwenye ua. Aliwaona kwa dirisha, hakunyamaza.

Malachie alisimama. “Kumbe ni weye! Ni weye ulivunja mama mguu, na unakula hapa, unalala hapa!”

“Malachie, ikaa,” Josée alisema.

“Nitaikaa namna gani?”

“Na matako. Ikaa. Simenti ilikuwa ya nani?”

Malachie akabaki amesimama. Mukaka hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Bénite.

“Juu ya nini?” aliuliza.

“Waliningoja wote. Na…” Hapa sauti ilitaka kurudi chini, akaivuta. “Na nilitaka ukuta mweupe!”

Mukaka aligeuza viganja vyake juu, akavitazama, kimoja halafu kingine.

“Mukono wangu ulinambia,” alisema polepole. “Mpini ulirudi kama umegonga nyama. Nguzo nzima inatetemesha mpini mpaka hapa, ku kiwiko. Ile haikutetemesha kitu. Nikakungoja. Ukagusa mara moja. Nikasema, mutoto amesikia, mukono wangu ndio umekufa.” Alifunga viganja. “Ukuta ulipoanguka, nikasema basi ni kichwa.”

Mukaka alinyoosha mkono mezani, akachukua ufunguo, akaufunga tena kwenye pembe ya kikwembe, fundo la kwanza, fundo la pili.

“Mama, mais nyumba imeanguka!” Malachie alisema.

“Pembe moja imeanguka. Kichwa changu kizima. Mukono wangu mzima. Mguu utapona. Waambie watu ya bureau watafute pahali pengine.”

Kisha akamgeukia Bénite. Bénite alikuwa amejiandaa kwa laana, na ndani kabisa alikuwa anatumaini msamaha. Hakupata kimoja.

“Chai inapoa,” Mukaka alisema.

Walirudi Masereka mwezi wa saba, jua likiwa kali na barabara kavu. Malachie hakumsemesha Bénite, lakini alituma nguzo za mti mgumu, na Sadrack juu ya gari. Safari hii Sadrack hakuimba. Aliibandua simenti yote, kipande kwa kipande, na ndani wakakuta nguzo nyingine mbili zilizoanza kuliwa tangu moto ulipotoka, wakazibadilisha.

“Mukaka, unisamehe,” alisema. “Mi najua matofali. Nilivalisha mugonjwa nguo ya arusi.”

“Uliambiwa ni mzima,” Mukaka alijibu, na Bénite, aliyekuwa anakanyaga udongo kwa miguu, aliendelea kukanyaga.

Mafiga matatu yalirudishwa katikati ya nyumba na moto ukawashwa. Bénite alipaka kuta peke yake, siku tisa, ndani na nje. Hakuna aliyemlazimisha. Mwisho alipaka udongo mweupe wa mtoni, ambao si mweupe kama rangi ya ndoo. Una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Udongo ulipokauka, Mukaka alisimama mlangoni na mkongojo wake mkono mmoja na mpini wa jembe mkono mwingine. Majirani walikuwapo, shemasi Kitsa alikuwapo. Bénite alikwenda ubavuni, kama zamani, akanyoosha mkono kushika kiwiko. Mukaka alikisogeza kiwiko.

“Ya mukono imekwisha,” alisema. “Utasema na mudomo. Bote basikie.”

Akagonga nguzo ya kwanza.

“Ko!” Bénite alipiga kelele, uso unawaka moto.

Mukaka hakutangaza chochote. Aliegemeza mpini ukutani, akaweka kiganja chake juu ya nguzo, akaacha kikae. Baada ya muda akachukua mpini, akagonga tena, akangoja kwa kiganja. Kisha akasogea kwenye ya pili.

“Ko!”

Kiganja tena. Watu walingoja. Hivyo hivyo nguzo ya tatu, ya nne, sebule nzima, mahali pa moto, chumbani. Bénite alipiga kelele mara ishirini na tano, na mara ishirini na tano bibi yake alihakikisha. Walipofika nyuma ya kitanda, kwenye nguzo mpya ya pembe, sauti yake ilikuwa imekauka. Mukaka aligonga.

“Ko,” Bénite alisema.

“Sisikie.”

“Ko!”

Mukaka akaweka kiganja. Bénite akasimama pale, mikono imening'inia, anangoja kiganja kile kiseme kama alivyosema yeye.